Sauti Mbili za Tusekile

Mara ya kwanza mdogo wangu alipompita mchumba wake bila kumtazama, ukumbi mzima ulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Ndivyo sendofu zetu, sherehe za kumwaga binti anayeolewa, zilivyo. Binti anapewa shada la maua, muziki unafunguliwa, mshereheshaji anamwambia akamtafute mwenzake aliyejificha katikati ya wageni, na binti anayejua mambo hamwoni upesi. Anachungulia nyuma ya pazia. Anamsogelea mzee mwenye kipara, anampimia shada shingoni, anaguna, anaondoka. Wageni wamechanga, wameshona sare, wamekuja kutazama maringo. Binti akienda moja kwa moja kwa mwanamume wake, Tukuyu nzima itamsema kwamba alikuwa na haraka na ndoa.

Kwa hiyo Tusekile alipompita Lusajo, aliyejificha vibaya sana nyuma ya mwanamke mfupi kuliko yeye, tukaona mchezo umekolea. Lusajo mwenyewe aliinua mkono kidogo, asije akakosa kuonekana. Tusekile akazunguka meza za mbele, akazunguka za nyuma, akarudi kwenye meza yetu na kuketi kando yangu, shada lake mapajani.

"Jamani, bibi harusi amechoka!" mshereheshaji akapiga kelele. Anaitwa Mwambenja, na sidhani kama amewahi kuhitaji kipaza sauti maishani mwake. "Wazee wa Kyela, mmetuletea bwana harusi au mmetuletea picha yake? Mbona haonekani? Simama tena, mama, katafute!"

Muziki ukaongezwa. Nje mvua ilinyesha kama kawaida yetu, na kuta za ukumbi ziliinywa na kuigeuza mwanga, hivi kwamba kila ilipozidi nasi tuling'aa zaidi. Mwezi wa nne hapa Tukuyu hakuna anayelipia umeme. Nilimsukuma Tusekile begani kwa utani.

"Nenda bwana, usituaibishe."

Akanyanyuka, akaenda.

*

Kwenye meza ya mbele, peke yake na soda yake, alikaa afisa wa usajili, Bi. Nkinda. Hakualikwa na kamati, alitumwa na sheria. Mtu anayevaa Neno haolewi kanisani wala bomani mpaka afisa aisikie idhini yake mbele ya watu, na kamati yetu, kwa kubana matumizi, ikaamua idhini itolewe hapohapo kwenye sendofu, katikati ya kumtafuta bwana harusi na chakula.

Neno ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati. Tusekile amelivaa chini ya shingo tangu akiwa na miaka minane. Mdogo wangu alizaliwa na ulemavu wa akili, na watu wakiniuliza maana yake huwa nawaambia hivi: mawazo yake yanatembea kwa miguu, ya kwetu yamepanda pikipiki. Anafika. Ila ukimwuliza swali sasa hivi, jibu laweza kuja wakati umeshahamia habari nyingine, na watu wengi hawana subira hiyo. Ndipo ikaja Sheria ya Sauti, na pamoja nayo Neno. Halisomi mawazo, msidanganywe na matangazo. Linasikiliza mapigo ya moyo, jasho, na jinsi uso unavyojikunja, kisha linalinganisha na kila jibu ambalo mwenyewe aliwahi kutoa tangu utotoni. Kimya kikipita sekunde tatu, linajibu kwa niaba yake, kwa sauti yake ileile, na kwa adabu kuliko yeye.

Na lilikuwa linapatia. Nalisema hilo wazi kwa sababu nimechoka na wanaolisema vibaya bila kuishi nalo. Neno lilimwambia daktari ni jino lipi linaloumwa. Neno lilimkatalia tapeli wa simu aliyetaka namba zake za siri. Siku tulipolizima kwa majaribio, Tusekile alichukua ujira wake wa kitaluni, pale chuoni anapotunza miche ya parachichi, akanunua majogoo saba. Si kuku, majogoo. Mtaa haukulala. Nilimwuliza kwa nini, na keshoye nikiwa nafua akaja kunijibu: "Yanaimba."

Basi posa ya Lusajo ilipoletwa, wazee walimwuliza kama anakubali kuolewa na Lusajo na kwenda kukaa Kyela kwa mama mkwe wake. Neno likajibu ndiyo, kwa uhakika wa asilimia tisini na sita. Tukaimba mpaka sauti zikakauka. Lusajo ni mtu mwema. Naye anavaa Neno, walikutana chuoni, na tangu arudi kwao kila Jumamosi anapanda gari la kamba linaloning'inia hewani kutoka Kyela mpaka huku juu milimani, anakaa na mdogo wangu kitaluni, na sijui huwa wanaongea nini, maana ukikaribia wanakutazama mpaka uondoke.

Nami nilikuwa na sababu yangu ya kuimba. Wiki hiyohiyo nilipata kazi Kituo cha Juu, kule lifti ya anga inakoishia: fundi wa mabomba ya hewa, mkataba wa miaka miwili. Nilishawahi kuitwa kazi hiyo na kuikataa, kwa sababu mama yetu alipofariki alituachia nyumba, na alituachia sisi kwa sisi. Sasa Tusekile anashuka Kyela, mimi napanda juu. Nilipanga kumwambia sherehe ikiisha. Nyumba tungeipangisha. Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake.

*

Mara ya pili alisimama mbele ya Lusajo kabisa. Alimgusa mkono wa koti, akatabasamu, na Lusajo akatabasamu mpaka masikioni. Wageni wakaanza kupiga makofi. Tusekile akageuka, akarudi, akaketi.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mwambenja akajitupa chini kama mtu aliyepigwa risasi. Mama Lusajo, mwanamke mnene mchangamfu aliyekuja na kundi zima la Kyela, akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani.

"Huyu mkwe ana maringo huyu! Atanikomesha!"

Mimi tu sikucheka mara hiyo. Nilikuwa nimeona mkono wake. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti, kiti chenyewe, kama mtu anayeogopa kitachukuliwa. Na hapo nikakumbuka jambo ambalo ningepaswa kulikumbuka tangu mwanzo: Tusekile hana maringo. Hajui kuigiza. Akinificha zawadi hunionyesha kabati alimoificha. Watu mia tatu tulikuwa tunacheka mchezo ambao yeye hachezi.

"Tuse," nikamwambia kwa sauti ya chini, "kuna nini?"

Alifungua mdomo. Nikamwona anaanza safari ya kutafuta maneno. Lakini sekunde tatu zikapita.

"Nimekubali," ikasema sauti yake kutoka chini ya shingo, laini, ya kupendeza. "Nitaolewa na Lusajo. Nitakwenda kukaa Kyela. Asanteni wote kwa kuja."

Vigelegele vilitaka kuondoa paa. Mama Lusajo akasimama akaanza kucheza. Bi. Nkinda akavuta kibao chake na kunyanyua kidole ili aandike.

"Sijasema," akasema Tusekile.

Ilikuwa sauti ileile. Waliokaa mbali hawakutofautisha, wakaendelea kushangilia. Akarudia, safari hii akiwa amesimama.

"Mimi sijasema."

*

Bi. Nkinda aliinua mkono na muziki ukakatwa. Alikuja hadi mezani kwetu, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kazini, asiye na haraka wala tabasamu.

"Nimesikia sauti mbili," akasema. "Mdhamini wake ni nani?"

"Ni mimi. Ambwene, dada yake."

"Basi nisikilize vizuri, dada. Ukiniambia nifuate Neno, naandika sasa hivi na tunakula. Ukiniambia nimfuate yeye, unalivua hapa mbele yangu, na jambo hili linakuwa lake peke yake. Akikosea, amekosea yeye. Huwezi kuja ofisini keshokutwa ukaniambia umejuta."

"Mwanangu Ambwene," Mama Lusajo akasogea, bado anahema kwa kucheza, "usituharibie shughuli. Huo ni woga tu wa siku yenyewe. Hata mimi yangu nilijifungia chooni, wakavunja mlango, na nimekaa na baba yake Lusajo mpaka Mungu alipomchukua."

Watu wakacheka, kwa upole sasa. Nami nilitamani sana kumwamini. Acha niseme kama ilivyokuwa: nilitaka kusema Neno. Lilikuwa na asilimia tisini na sita, lilimjua tangu mtoto, halikuwa na ubinafsi, na mimi nilikuwa nao. Kama angebadili nia, nani angebaki naye? Niliiona lifti ya anga ikifunga mlango na mimi nimesimama nje na mkoba wangu. Niliwaona na wale majogoo. Kyela kulikuwa na chumba kilichopakwa rangi mpya na mama mkwe anayecheza; mtu mwenye akili timamu angetaka nini zaidi?

Tusekile alikuwa ananitazama. Hakuwa analia wala hakuwa amenuna. Alikuwa anangoja, jambo ambalo analijua vizuri kuliko sisi sote, kwa kuwa amekuwa akingoja zamu yake tangu utotoni na kila zamu ilipofika kulikuwa na sauti nyingine imeshaichukua. Inawezekana ilisema alichotaka. Inawezekana ilisema vizuri kumliko. Lakini mtu akijibiwa vizuri maisha yake yote, hayo maisha ameishi nani? Moyo uliniuma kwa swali hilo, nikaona aibu kwamba nimelifikia ukumbini, nimevaa sare, mbele ya kamati.

Nikanyoosha mkono chini ya shingo yake, nikalivua Neno. Lilitoka kirahisi. Liliacha alama ya duara, ngozi laini ambayo haijaona jua tangu alipokuwa darasa la pili. Nililiweka mezani kando ya chupa za maji.

"Haya," nikamwambia. "Sema wewe. Hatuna haraka."

*

Sikuwahi kujua kwamba watu mia tatu wanaweza kusikika wakimeza mate.

Mwambenja hakuumbwa kwa ajili ya kimya. Alishika kipaza sauti, akavuta pumzi, na Bi. Nkinda akamtazama mara moja tu, akakiweka chini. Mvua ikapungua, kuta zikafifia, tukabaki katika mwanga kama wa alfajiri. Mtoto mmoja akauliza kama umeme umekatika. Mzee mwenye kipara akakohoa, akaomba radhi, akakohoa tena.

Halafu Tusekile akatoka mezani. Hakuchungulia pazia lolote. Alikwenda moja kwa moja kwa Lusajo, akamvalisha shada shingoni, akalinyoosha upande uliokunjamana, akamshika mkono.

Ukumbi ukapasuka kwa furaha. Mimi nikajishika kichwa. Kumbe ulikuwa woga kweli! Nimewasimamisha watu wazima wote hawa, nimemvua binti wa watu kidude chake hadharani, kumbe jibu ni lilelile! Mama Lusajo tayari alishavuta viti viwili kwenye meza ya Kyela, maana desturi ni kwamba binti akishampata mwenzake anampeleka ukweni, anaketi huko, na kwao ndiyo basi tena.

Tusekile aliipita meza ya Kyela. Akamvuta Lusajo katikati ya ukumbi mpaka kwetu, akasimama mbele yangu.

"Dada, inuka."

"Niinuke niende wapi?"

"Inuka. Kiti cha Lusajo."

Niliinuka kwa sababu sikujua la kufanya. Lusajo akaketi kwenye kiti changu, akaweka mikono mezani kwa adabu. Tusekile akaketi kando yake, akaegemea kama mtu aliyemaliza kazi.

Bi. Nkinda akainama. "Nieleze, binti. Taratibu."

"Lusajo, ndiyo," akasema Tusekile. Tukangoja. "Kyela, hapana."

Mnong'ono ulipita kutoka meza hadi meza.

"Kyela joto. Kitalu kiko hapa. Nyumba ya mama iko hapa." Akafikiri tena, tukamwacha afikiri. "Lusajo anakaa hapa."

"Mume ahamie kwa mke?" sauti ya mzee mmoja ikatoka upande wa Kyela. "Tangu lini?"

Wazee walipoleta posa walimpa swali moja lenye mizigo miwili: Lusajo pamoja na Kyela, au hakuna kitu. Neno likachagua vizuri kabisa katika vilivyokuwa mezani. Halijui kwenda jikoni kuleta sahani nyingine. Na sisi wenye mawazo ya pikipiki, hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba ipo.

Bi. Nkinda akamgeukia Lusajo. "Na wewe, bwana? Unataka kukaa wapi?"

"Nitakaa Kyela kwa mama yangu," Neno la Lusajo likajibu sekunde tatu zilipopita, kwa heshima zote.

Macho ya ukumbi mzima yakamwendea Mama Lusajo, kwa kuwa yeye ndiye mdhamini wa mwanawe. Alikuwa ameshika viti vyake viwili. Alimtazama kijana wake pale mbali, na shada lake, amekaa wima kwenye kiti cha watu wengine na hajaachia mkono wa mke wake mtarajiwa. Furaha yote ilimtoka usoni, kisha nikaona kitu kingine kinaingia polepole. Akaviacha viti, akavuka ukumbi, akamvua Neno kwa vidole vyake vinene akikosea kifungo mara mbili.

"Ongea, baba," akamwambia. "Mama anasikiliza."

Lusajo ni mpole hata kuliko Tusekile. Tulisikia mvua ikirudi.

"Hapa," akasema mwishowe. Kisha, kwa kuwa alimwona mama yake anapepesa macho, akaongeza: "Jumapili nakuja. Kula wali."

"Na mimi nilishapaka rangi chumba!" Mama Lusajo akapiga kelele, analia na kucheka kwa pamoja, amemkumbatia mwanawe kichwa na maua yote. "Rangi ya bluu! Nitalala humo mwenyewe, nifanyeje!"

Kuta zikawaka. Watu wakaanza kusimama. Lakini Bi. Nkinda hakuwa amemaliza, na nilijua swali litakalofuata kabla hajaliuliza.

"Na nani atawasaidia hapo nyumbani?"

Hapo ndipo nilipoagana na lifti ya anga. Niliagana nayo kweli, kimoyomoyo, na sikuwa na kinyongo na mtu. Nikafungua mdomo niseme: mimi nipo.

"Si dada," akasema Tusekile.

Nikafunga mdomo.

"Bupe wa jirani, asubuhi. Tumeshaongea." Kwenye meza ya tatu, Bupe akainua mkono na glasi ndani yake. "Mchana chuo. Dawa, Lusajo anakumbuka. Jumamosi mama mkwe." Mama Lusajo akaitikia kwa nguvu kama mtu aliyeteuliwa waziri. Ndipo Tusekile akaniinulia uso. "Wewe nenda juu."

"Nani kakuambia habari za juu?"

Alichukua muda wake.

"Nilisikia unacheka. Kwenye simu." Akafikiri. "Nyumbani huchekagi hivyo."

Machozi yakanitoka mbele ya kamati, mbele ya Kyela, mbele ya kila mtu, na sikujisumbua kuyafuta. Miaka yote nilidhani mimi ndiye ninayemchunga, na wala sikujua kwamba kuna mtu anahesabu vicheko vyangu. Nikachuchumaa mbele yake.

"Na ukinikumbuka, Tuse?"

Hilo lilimchukua muda mrefu kuliko yote. Bi. Nkinda alingoja. Mwambenja alingoja, amekumbatia kipaza sauti kifuani. Lusajo alingoja bila shida.

"Nitakukumbuka," akasema. "Halafu nitakupigia. Halafu nitakula."

"Naandika," akasema Bi. Nkinda, na akaandika, na kwa mara ya kwanza jioni ile alinywa soda yake mpaka mwisho.

Mwambenja akashindwa kujizuia. "Bibi harusi! Shughuli ni yako! Tufanye nini sasa?"

"Muziki," akasema Tusekile, bila kungoja hata kidogo.

Ngoma ikapigwa, mvua ikamwagika, ukumbi ukawaka mpaka tukafinya macho. Mama Lusajo alikuja kwangu akinipungia kitambaa chake, akinishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga fijo. Nyuma yangu Lusajo alikuwa amekijaza kiti changu vizuri, viwiko mezani, kama aliyezaliwa hapo. Sikuwa na pa kukaa tena, basi nikacheza.